Mstari wa Kwanza ni wa Mwenyekiti

Kila kitabu kipya kilipoletwa katika ofisi ya ushirika wa maziwa, juu kidogo ya bonde la Subukia, Muiruri alikifungua ukurasa wa kwanza, akauruka mstari wa juu, akaanza kuandika katika wa pili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mwenyekiti. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Ilikuwa hivyo tangu siku za mwenyekiti wa kwanza, aliyepita kila Jumatatu kutia sahihi, na ingawa mwenyekiti wa sasa, Mzee Kinyanjui, alionekana pale mara mbili kwa mwaka ukihesabu na mkutano mkuu, mstari wake uliendelea kuachwa. Kitabu cha wageni kilikuwa nao mtupu. Daftari la dawa ya kupe lilikuwa nao mtupu. Hata kile kijitabu cha kuandika ni nani amechukua ufunguo wa choo kilianzia mstari wa pili.

Muiruri alikuwa karani wa mifugo. Alimaliza darasa la saba, akaja ushirikani kuosha mikebe ya maziwa, na pengine angekuwa anaiosha mpaka leo kama siku moja wasingemwomba aandike orodha ya wanachama ibandikwe mlangoni. Mwandiko wake ulinyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Akapewa kalamu, na miaka ishirini na miwili ikapita. Alikuwa mtu wa aibu. Akizungumza na mtu, alitazama ncha ya kalamu. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, hakujua amjibu yupi kwanza. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na mchungaji aliposema wageni wasimame, kulikuwa na watu waliogeuka kumtazama yeye.

Kazi yake ilikuwa rejista ya upandishaji: kila ng'ombe wa mwanachama, nambari yake ya sikioni, mama yake ni nani, amepandishwa kwa mbegu ya fahali gani, tarehe gani. Bila rejista hiyo, daktari anayepita na mtungi wa mbegu anaweza kumpandisha mtamba kwa baba yake mwenyewe, na ndama akazaliwa dhaifu, au asizaliwe kabisa. Zamani Muiruri aliijua nusu ya rejista kwa kichwa. Kisha mvua za Aprili zikapenya paa, vitabu vikavimba kama mikate, kurasa zikagandana, na kamati ikanunua kompyuta. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Alijifunza kuandika kwa vidole viwili, akaingiza yote yaliyosomeka na kila jipya lililofuata. Na kwa namna ambayo hakuielewa, kila alichokiandika mle kilitoka kichwani mwake, kama maziwa yanayohamishwa kutoka mkebe mmoja hadi mwingine.

Jumatano moja, Lewis, fundi wa kompyuta mwenye duka dogo mjini Nakuru, alimwongoza kwa simu kuweka seva mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakwama kila baada ya kurasa tatu. Seva, kwa maelezo ya Lewis, ni ile programu inayokaa ndani ya mashine na kutunza rekodi zote, kama mtunza ghala: unaomba, anakuletea. Rekodi za miaka mitatu zilinakiliwa kwenye flashi, seva ya zamani ikafutwa, na mpya ikaanza kujipanga. Kilichobaki, Lewis akasema, ni kubonyeza endelea, endelea, endelea. Mteja alikuwa amefika dukani, angepiga tena kesho.

Katikati ya kuendelea huko kukatokea ukurasa wenye kisanduku kitupu. Uliuliza wasimamizi wa seva hii watakuwa akina nani. Pembeni kulikuwa na kitufe cha kumwongeza mtu aliyekaa mbele ya mashine wakati huo. Yaani yeye.

Muiruri alikitazama kitufe kile, masikio yakapata moto. Kujiandika msimamizi, mwenyewe, ofisini peke yake, bila mkutano, bila mtu wa kupendekeza wala wa kuunga mkono? Alijaribu kupita bila kuandika kitu. Kisanduku kikakataa kuachwa kitupu. Basi akafanya lile aliloliona ni sawa. Mashine ilikuwa na majina mawili ya watumiaji tangu iliponunuliwa, la Mwenyekiti na lake. Akachagua la Mwenyekiti, akaliweka kwenye mstari wa kwanza, na kwa kuwa hakuna aliyemwagiza ajaze wa pili, akabonyeza endelea. Mashine ikaandika kwamba kazi imekamilika. Akafunga ofisi, akaenda kukamua, roho imetulia.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Jepkemei alikuwa tayari kwenye benchi la ofisini, leso imefungwa kiunoni, gambuti zina matope mpaka juu. Alisema mtamba wake, Sue, ameonekana na joto la kutaka fahali alfajiri. Mtamba anayeonekana asubuhi hupandishwa jioni ya siku hiyo. Ikipita, unangoja wiki tatu tena. Kosgei, daktari wa kupandisha, angepita ushirikani saa kumi na pikipiki yake, na mtungini alikuwa amebakiwa na mbegu za mafahali wawili tu, Komando na Diwani, mpaka gari la kuleta gesi baridi na mbegu nyingine lije wiki ijayo.

"Nataka unisomee baba ya Sue ni nani," Jepkemei akasema. "Sitaki kukisiwa. Mwaka jana mlinikisia."

Muiruri aliinamia kalamu. Mwaka jana, kabla Kosgei hajaajiriwa, daktari mwingine alimpandisha ng'ombe mwingine wa Jepkemei bila kupita ofisini, akisema hawa wote anawajua. Ndama alizaliwa miguu imekunjika, akaishi siku nne, na Jepkemei alimnywesha maziwa kwa chupa siku zote hizo nne. Huyu Sue alimnunua akiwa ndama kutoka kwa jirani aliyehamia Kamere kuuza samaki, na kadi ya ng'ombe ilipotelea katika kuhama. Alishampigia simu yule jirani. Jirani alikumbuka kwamba daktari wa siku ile alikuja na koti jekundu, akakumbuka na chai aliyokunywa, ila fahali hakumkumbuka.

"Ni dakika moja tu," Muiruri akasema, akawasha mashine.

Haikuwa dakika moja. Alifungua programu ya seva, akaomba kuingia. Ikamjibu kwamba kuingia kumeshindikana kwa mtumiaji Muiruri. Akafikiri amekosea herufi. Lakini hakukuwa na herufi ya kukosea. Mashine ilikuwa imeandika jina lake yenyewe, na kulijua inalijua, maana imelitaja. Akajaribu tena. Akazima, akawasha, akangoja feni itulie, akajaribu tena. Akapangusa kibodi kwa kitambaa. Akatazama kama ufunguo wa ofisi aliokuja nao ni ule ule wa jana, halafu akashangaa kwa nini ameutazama.

Jambo hili halikumwingia akilini. Mlango ameufungua yeye. Mashine ameiwasha yeye na imempokea. Seva hiyo hiyo, jana jioni, ameiweka yeye kwa vidole vyake viwili. Sasa iko ndani, inaunguruma, na inamwambia haimruhusu.

"Karani," Jepkemei akasema kutoka kwenye benchi, "hiyo ofisi ni yako ama na wewe umekuja kuomba kazi?"

Linah, mpokeaji wa maziwa, alicheka kutoka kwenye dirisha la mizani. Muiruri aliendelea kuitazama skrini. Alikuwa anajiuliza ni kosa gani alilolifanya, na kila alipolitafuta aliona tu kazi aliyoifanya vizuri.

Lewis hakushika simu mpaka saa sita. Jepkemei alikuwa amekwenda nyumbani kumtazama Sue na kurudi. Mtamba, alisema, anapandia wenzake na kulia kama aliyefiwa. Wakati huo Muiruri alikuwa amefumba macho, anajaribu kukumbuka. Mama yake Sue aliitwa Tamu. Aliiona mbele yake siku alipoingiza kupandishwa kwake: mwezi wa pili, vumbi, yeye akibonyeza herufi moja moja. Diwani. Alikuwa karibu na hakika kwamba alibonyeza jina Diwani. Basi Komando angefaa. Maneno yalimfika mdomoni, amwambie Jepkemei ni Diwani, wampe Sue Komando, mambo yaishe. Akamwona amekaa pale na gambuti zake, akayameza.

Lewis alipoelezwa yaliyotokea, aliuliza swali moja.

"Mzee, kwenye ile peji ya wasimamizi, ulibonyeza ya kujiongeza?"

"Niliandika Mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani?"

"Wetu."

Lewis alicheka, kisha akajizuia kwa heshima. Akaeleza. Katika seva za zamani, aliyekuwa mkubwa wa mashine, yaani mwenye ruhusa zote, alihesabiwa moja kwa moja kuwa mkubwa wa seva, bila kuulizwa. Hizi mpya hazifanyi hivyo. Mwenye nyumba ni mmoja na mwenye ghala ni mwingine, hata kama ghala limo ndani ya nyumba. Ghala lina orodha yake, na asiyekuwa kwenye orodha halimjui.

"Lakini mimi ndiye niliyeiweka," Muiruri akasema.

"Ndiyo. Na ukajiacha nje."

Muiruri alilifikiria neno hilo. Hakuona mahali alipojiacha. Aliona tu kwamba alikaa mahali pake.

Lililokuwa rahisi ni kumtafuta mwenyekiti. Mzee Kinyanjui alikuwa Mau Narok kwa binti yake, akisimamia kuvunwa kwa viazi, na upepo wa huko uliingia kwenye simu pamoja naye. Alisema hajawahi kuigusa mashine hiyo tangu inunuliwe. Paswadi fundi aliiandika kwenye karatasi, naye akaiweka kwenye mfuko wa koti la kijivu, na koti la kijivu alimpa mlinzi wa kanisa Krismasi ya mwaka juzi. "Ingia tu na jina langu, Muiruri. Si ni mashine?" akasema, akageuka kumkemea mtu kuhusu magunia.

Lewis naye akasema hilo linawezekana hata bila koti. Kwa kuwa Muiruri ni mkubwa wa mashine, angeweza kubadilisha paswadi ya Mwenyekiti, aingie kama Mwenyekiti, na seva isingejua tofauti. Dakika tano.

Ilikuwa saa saba na nusu. Muiruri alitazama mikono yake juu ya kibodi. Alimkumbuka Micah, karani aliyekuwepo kabla yake. Micah alitia sahihi ya mwenyekiti wa wakati huo kwenye karatasi za upandishaji, na alipoulizwa kwenye mkutano mkuu akasema mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemruhusu, kwa mdomo. Mwenyekiti akasema hakumbuki. Muiruri alikuwa nje ya dirisha siku hiyo, anaosha mikebe, na alimsikia Micah akirudia neno moja, aliniambia, aliniambia, mpaka likakosa maana. Micah aliondoka kijijini mwezi huo huo.

"Siwezi kuwa Mwenyekiti," akamwambia Lewis.

"Sawa. Iko njia ingine." Seva huzimwa, Lewis akasema, halafu huwashwa kwa namna ya kupokea mtu mmoja tu. Ikiwa katika hali hiyo, humkubali mkubwa wa mashine kama mkubwa wake, ili aweze kurekebisha orodha. "Lakini hapo utaandika jina lako wewe. Kama msimamizi."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Mzee, hakuna."

Muiruri aliomba apewe muda kidogo. Alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji. Kitu hicho kilimvuruga kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Kuingia kwa jina la mwingine ni uongo, hilo liko wazi. Ila kujiandika jina lako mwenyewe, ukijipa cheo mbele ya chumba kitupu, hilo nalo ni nini? Na ikiwa si kosa, kwa nini masikio yanawaka? Kwa upande mwingine kulikuwa na mtamba anayelia, na saa kumi inakuja, na Jepkemei hana benchi jingine la kwenda kukalia.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpigia mwenyekiti simu mara ya pili kwa siku moja.

"Mzee, samahani. Naomba niandikwe."

"Uandikwe wapi?"

"Kwenye mashine. Hapo chini yako."

Upepo ulivuma. "Muiruri," mzee akasema polepole, kama mtu asiyeelewa anachoulizwa, "kwani miaka hii yote ulikuwa umeandikwa wapi?"

Muiruri akashukuru, akakata simu, akabaki ameishika.

Aliporudi ndani alimwita Linah aje kutazama, ili pawe na shahidi. Linah akaja akijifuta mikono. Jepkemei naye akasimama nyuma yao, maana hakuna aliyemkataza. Lewis akawekwa kwenye spika, akaanza kusoma amri moja moja, na Muiruri akaziandika kwenye dirisha jeusi lenye herufi nyeupe. Seva ikazimwa. Ikawashwa tena, ya mtu mmoja. Muiruri akaomba kuingia.

Ikamjibu kwamba kuna mtu mwingine ameshaingia, nafasi imejaa.

Watatu wakatazamana. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine. Linah akainama, akachungulia nyuma ya mashine. Muiruri akahisi akili inamtoka: kiti ni kimoja, yeye ndiye aliyepo, na kiti kina mtu. Ikabidi Lewis atafute jibu kwa zaidi ya saa nzima. Kisha akagundua kwamba seva ina programu ndogo ya kuisaidia, ambayo hujiwasha yenyewe, na hiyo ndiyo iliyowahi kukaa. Ilibidi nayo izimwe kwanza.

"Hata huyo msaidizi hakungoja mkutano," Jepkemei akasema.

Wakazima vyote viwili. Wakawasha kimoja. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini, na pikipiki ya Kosgei ilisikika ikipanda kilima. Safari hii dirisha jeusi halikusema kitu. Liliweka nambari moja na alama ndogo, likangoja.

"Imekubali," Lewis akasema. "Sasa andika jina."

Muiruri aligeuka, akamtazama Linah usoni, kisha Jepkemei, jambo ambalo wote wawili walilitambua. "Ninajiandika," akasema.

"Jiandike basi, saa kumi hii," akajibiwa na Jepkemei.

Akaandika. Herufi saba, kwa kidole kimoja. Akaandika na amri ya kumweka kwenye orodha ya wasimamizi, jinsi Lewis alivyoisoma. Dirisha halikupiga makofi wala halikukasirika. Lilishuka mstari mmoja tu. Wakaiwasha seva upya kwa namna ya kawaida, akaomba kuingia kwa jina lake, na ikafunguka. Akachomeka flashi, akarudisha rekodi za miaka mitatu, na mstari wa kijani ukawa unatambaa huku Kosgei amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi, hajui kwa nini watu wote wanaikodolea mashine macho.

Muiruri aliandika jina la Tamu, mama yake Sue. Ikaja. Tarehe tisa mwezi wa pili, Diwani. Alikuwa amekumbuka sawa. Akataka kufungua mdomo, akaona kuna mstari mwingine chini yake. Tarehe mbili mwezi wa tatu: amerudi joto, hakushika, amepandishwa tena. Komando.

Akausoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuusoma kwa sauti.

"Baba ya Sue ni Komando," akasema. "Mpe Diwani."

Hakuwaambia kwamba saa sita mchana alikuwa amebakisha pumzi moja kusema kinyume chake. Jepkemei alimtazama kama anayepima, kisha akafunga leso upya, akapanda nyuma ya pikipiki, mtungi umekaa kati yake na Kosgei, wakateremka.

Lewis alikuwa bado kwenye simu. Alisema kazi imekwisha, ila kuna jambo moja: orodha ina mwenyekiti asiyejua paswadi yake, na mtu mmoja. Huyo mmoja akiugua, wanarudi walikoanzia. Aongezwe mwingine. Muiruri akasema ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa, hilo peke yake katika siku nzima. Jina la Mwenyekiti hakuliondoa. Lilikuwa juu, mstari wa kwanza, na likabaki hapo.

Alimkuta Linah kwenye dirisha la mizani akisuuza kipimo. Akamwambia anataka kumwandika kuwa msimamizi wa seva, wa tatu, na kwamba aje aweke paswadi yake mwenyewe bila yeye kutazama.

Linah akaacha maji yakitiririka. "Mimi? Mimi ni wa kupima maziwa tu, Baba Wachuka. Si tungoje mkutano?"

Muiruri alitazama ncha ya kalamu. Akatazama na bomba linalomwagika, akalifunga.

"Njoo ukae," akasema, akarudi ofisini kumvutia kiti.